Unga Mmoja, Kazi Mbili? Nanokompoziti, Maji ya Floraidi na Hoja ya Nishati Safi

Ikisiri

Makala hii inahoji wazo lililoenea katika sayansi ya malighafi, kwamba nanokompoziti moja inaweza kusafisha maji machafu na papo hapo kuzalisha haidrojeni. Kwa kutumia misingi ya kemia ya mwanga, hesabu za nishati na mfano wa maji yenye floraidi kaskazini mwa Tanzania, inadaiwa kwamba kazi hizo mbili hugombania elektroni zilezile, na kwamba nishati iliyomo katika uchafu wa maji ya kunywa ni ndogo mno. Inapendekezwa kwamba maji na nishati viunganishwe katika mtambo badala ya ndani ya chembe, na kwamba tafiti za Afrika Mashariki zipimwe kwa maji halisi ya mahali zinapokusudiwa kutumika.

1. Utangulizi

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio fupi lenye uzito mkubwa: elektrodi ya titani dayoksaidi, ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, iliyapasua maji yakatoa haidrojeni na oksijeni. Baadaye ikadhihirika kwamba titani dayoksaidi hiyohiyo, ikiwa unga ndani ya maji yenye hewa, huunguza rangi za viwandani, viuatilifu na vijidudu. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lenye mvuto: ikiwa kitu kimoja kinaziweza kazi zote mbili, kwa nini kisizifanye kwa pamoja?

Leo utangulizi wa tafiti nyingi za nanokompoziti hurudia ahadi hiyo. Kwa Afrika Mashariki, yenye jua la kutosha na uhaba wa maji salama na umeme vijijini, ahadi hii inapendeza zaidi kuliko mahali pengi. Lakini uzuri wa ahadi si ushahidi. Hoja ya makala hii ni kwamba nanokompoziti zina nafasi ya kweli katika kusafisha maji yetu, na nafasi ya kweli, ingawa ndogo zaidi, katika nishati. Ila kuzibebesha kazi zote mbili kwa mpigo kunazidhoofisha pande zote. Swali la kwanza la mtafiti lapaswa kuwa: ni maji gani, yana nini, na nani atayanywa?

2. Kwa nini nano, na kwa nini kompoziti

Mchemraba wa sentimita 1 kila upande una eneo la uso la sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanomita 10, uzito haubadiliki, lakini eneo la uso linafika mita za mraba 600. Kwa kuwa kunasa uchafu na kuuvunja hufanyika usoni, si moyoni mwa chembe, faida ya udogo iko wazi.

Faida hiyo huja na adha. Unga mtupu wa nano hushikamana na kuwa madonge, huziba njia ya maji, au hutoroka pamoja na maji yanayosafishwa na kuishia tumboni mwa mnywaji. Ndiyo sababu ya kompoziti: chembe za nano hupachikwa katika mwenyeji kama udongo wa mfinyanzi, mchanga, mkaa, au kitosani itokanayo na maganda ya kamba. Zikiongezwa chembe za magnetaiti, unga uliokwisha kazi unaweza kuvutwa kwa sumaku. Sababu ya pili ni ya kiumeme. Mwanga unapoipiga semikondakta kama titani dayoksaidi, elektroni huruka na kuacha tundu nyuma yake. Zisipotenganishwa haraka, hurudiana na nishati ikapotea kama joto. Grafini, au semikondakta ya pili iliyogusana na ya kwanza, huichukua elektroni kabla haijarudi.

Mfano unaofahamika zaidi kwetu ni wa Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Kichujio chake kinaunganisha mchanga na malighafi za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 kilimpatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba kichujio hicho hakikudai kuzalisha umeme wala haidrojeni. Kilidai kusafisha maji, na kilibuniwa kwa kuanzia kwenye maji yenyewe.

3. Mshika mbili

Mgongano wa kazi mbili uko katika elektroni na tundu. Katika kusafisha, tundu huchukua elektroni kutoka kwenye maji na kuunda radikali ya haidroksili, ambayo huunguza karibu kila molekuli ya kikaboni inayokutana nayo. Ili kazi iendelee, elektroni iliyobaki lazima ipate wa kuipokea, na mpokeaji huyo ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Ndiyo maana mitambo ya kusafisha maji kwa vichocheo vya mwanga mara nyingi hupuliziwa hewa.

Katika kuzalisha haidrojeni, elektroni hiyohiyo inatakiwa iende kwa ioni za haidrojeni. Oksijeni ikiwepo, huwahi kuichukua. Kwa hiyo watafiti huifukuza kwanza kwa kupitisha naitrojeni au agoni ndani ya maji, na juu ya chembe huweka platinamu ili kuharakisha utoaji wa gesi. Kazi moja inataka hewa na nyingine inaikimbia. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni elektroni.

Kuna njia ya kuupunguza mgongano huu: kuufanya uchafu wenyewe uwe mtoaji wa elektroni. Katika maabara nafasi hiyo hupewa methanoli au triethanolamini, kisha kiasi cha haidrojeni hutangazwa kwa fahari. Lakini methanoli ni fueli. Kuunguza fueli moja ili kupata nyingine hakuwezi kuitwa uzalishaji wa nishati kutokana na maji. Na pale methanoli inapoondolewa na uchafu halisi kuachwa ufanye kazi yake, hesabu inabadilika kabisa.

4. Hesabu ya nishati

Tuseme maji yana rangi ya methilini buluu miligramu 10 kwa lita, kiwango cha kawaida katika majaribio. Ili kuiunguza yote zinahitajika takriban miligramu 20 za oksijeni kwa lita. Kama kila elektroni iliyomo katika rangi hiyo ingegeuka haidrojeni bila hasara yoyote, mita moja ya ujazo ya maji ingetoa kilowati-saa 0.08 hivi. Kuipandisha mita hiyohiyo ya ujazo kutoka kisima cha kina cha mita 50, kwa pampu isiyopoteza chochote, kunahitaji kilowati-saa 0.136. Yaani nishati yote ya uchafu haitoshi hata kuyatoa maji ardhini. Ukomo huu hautokani na udhaifu wa kichocheo. Hakuna kompoziti itakayovumbuliwa kesho itakayouvuka, kwa sababu nishati hiyo haimo.

Majitaka mazito ni habari nyingine. Yenye mahitaji ya oksijeni ya miligramu 1,000 kwa lita yana, kinadharia, kilowati-saa 4.2 za haidrojeni katika kila mita ya ujazo. Lakini hapo mshindani yupo tayari. Vijidudu vya biogesi, gizani, bila platinamu, hutoa kutokana na majitaka hayohayo methani yenye takriban kilowati-saa 3.5. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalishatumika kwa njia hii kuendesha jenereta. Nanokompoziti inayotaka kuingia katika uwanja huo sharti ishindane na kiumbe anayejizalisha mwenyewe bila gharama.

Ipo pia njia ya kuyapasua maji masafi kwa jua, bila kutegemea uchafu. Hapa maendeleo ni ya kweli. Mwaka 2021 kundi la Kazunari Domen wa Japani lilieleza mtambo wa mita za mraba 100 wenye strontiamu titaneti iliyochanganywa na aluminiamu, uliofanya kazi nje, juani, kwa miezi. Kilele cha ufanisi wake katika kugeuza nishati ya jua kuwa haidrojeni kilikuwa asilimia 0.76. Kwa jua la kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku, hiyo ni kama kilowati-saa 0.04. Paneli ya kawaida ya sola yenye ufanisi wa asilimia 20 hutoa kilowati-saa 1 kutoka eneo hilohilo. Kwa umeme huo, pampu yenye ufanisi wa asilimia 40 hupandisha karibu mita 3 za ujazo kutoka kisima cha mita 50. Kijiji chenye shilingi za kununua kimoja tu hakina sababu ya kusitasita.

5. Floraidi: uchafu usioungua

Nchini Tanzania, floraidi ni mtihani mzuri wa madai haya. Miamba ya volkano kandokando ya Mlima Meru na Kilimanjaro, na katika Bonde la Ufa kwa ujumla, imejaa floraidi na sodiamu lakini ina uhaba wa kalisi. Kama kalisi ingekuwa nyingi, sehemu ya floraidi ingetuama kama kalisi floraidi isiyoyeyuka kwa urahisi. Kwa kuwa haipo, floraidi hubaki ndani ya maji ya magadi yenye baikaboneti nyingi. Katika maziwa ya Momella, kiwango chake hufika mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 katika maji ya kunywa. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu miligramu 4, kwa kutambua ugumu wa kupata maji mbadala, kabla ya kushushwa hadi 1.5. Matokeo ya floraidi nyingi yanaonekana bila darubini: meno ya kahawia yaliyoliwa, na kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda na viungo vilivyokakamaa.

Floraidi si molekuli ya kuunguzwa. Ni ioni ya elementi, tena inayoshikilia elektroni yake kuliko zote. Tundu la titani dayoksaidi haliwezi kuinyang'anya. Uwe na kichocheo bora cha mwanga duniani, floraidi itaingia na kutoka kama ilivyokuwa. Njia zilizopo ni kuinasa, kuituamisha au kuizuia kwa utando. Kwa hiyo, kwa mamilioni ya watu wa ukanda huu, fasihi ya vichocheo vya mwanga haigusi tatizo lao.

Hata uchafu unaoungua hupata kinga katika maji haya. Baikaboneti huzila radikali za haidroksili. Kwa makadirio, maji yenye baikaboneti miligramu 500 kwa lita na kiuatilifu mikrogramu 10 kwa lita hupoteza radikali mia kadhaa kwa kila moja inayofika kwenye kiuatilifu. Jaribio lililofanywa kwa maji yaliyotoneshwa halitaona jambo hili kamwe.

Kinachofanya kazi dhidi ya floraidi kwa sasa ni mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na nchini Kenya programu ya ubora wa maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru imeusambaza majumbani. Mfupa una haidroksiapataiti, ambayo hubadilishana haidroksili yake na floraidi. Uchomaji ndio ufundi wenyewe: joto likipungua, maji hunuka na kubadilika rangi, likipita kiasi, uwezo wa kunasa hufa. Na wapo wasiokubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama wasiyemjua alivyochinjwa.

Tufanye hesabu. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kutoka maji ya miligramu 8, inahitaji kuondoa miligramu 130 za floraidi kila siku ili ifike 1.5. Mkaa unaonasa miligramu 2 kwa gramu utatumika gramu 65 kwa siku, kama kilo 24 kwa mwaka. Nanokompoziti inayonasa miligramu 20 kwa gramu ingeshusha mzigo huo hadi kilo 2.4. Hapa ndipo nano inapoonyesha thamani yake: kichujio kidogo, kinachobadilishwa mara chache, kisichohitaji tanuri kijijini.

Lakini tahadhari inahitajika. Makala nyingi hutaja uwezo wa juu kabisa, uliopimwa kwa maji yenye floraidi nyingi kupita ya kisima chochote. Chukua kompoziti ya kufikirika yenye uwezo wa juu wa miligramu 40 kwa gramu, inayofika nusu ya uwezo huo kwenye miligramu 20 kwa lita. Kanuni ya Langmuir inaonyesha kwamba, ikichovywa ndani ya ndoo hadi maji yafikie 1.5, itakuwa imenasa miligramu 2.8 tu kwa gramu. Imerudi kwenye uwezo wa mkaa wa mifupa, kwa bei isiyo ya mkaa wa mifupa. Katika safu ya kupitishia maji hali huwa bora, kwa kuwa tabaka la mwanzo hukutana na maji yakiwa bado na miligramu 8. Lakini basi mtafiti aseme amepima nini. Aidha, vifyonzi vya alumina (oksaidi ya aluminiamu) hupenda maji yenye uasidi kidogo, wakati maji ya Meru ni ya magadi, na haidroksili, baikaboneti na fosfeti hugombea nafasi zilezile za kunasia.

6. Mahali maji na nishati vinapokutana

Kukataa ndoa ya ndani ya chembe si kukataa ujirani. Zipo sehemu tatu ambapo nanokompoziti huunganisha maji na nishati kwa hesabu inayokubali.

Ya kwanza ni utando. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipachika chembe za zeolaiti katika tabaka jembamba la poliamaidi na kuongeza kasi ya maji kupita bila kulegeza kizuizi cha chumvi. Maji yakipita kwa urahisi, shinikizo hupungua. Shinikizo likipungua, paneli za sola zinazohitajika hupungua. Mitambo ya utando inayoendeshwa kwa sola imeshajaribiwa Mdori, karibu na Ziwa Manyara, ambako floraidi ni kali kiasi cha kuushinda mkaa wa mifupa. Tatizo lake ni maji mazito ya chumvi yanayobaki, ambayo yakimwagwa ovyo huirudisha floraidi kisimani.

Ya pili ni uvukizaji wa juu ya uso. Kompoziti nyeusi ya kaboni inayoelea hukusanya joto la jua pale maji yanapovukia badala ya kupasha pipa zima. Ukomo wake nao unahesabika: kuvukiza lita moja huchukua takriban kilowati-saa 0.67, kwa hiyo jua la kilowati-saa 5 haliwezi kutoa zaidi ya lita 7.5 kwa mita ya mraba kwa siku pasipo kurejesha joto. Hizo ni lita za kunywa, si za kufulia. Na kwa kaya ya pwani yenye kisima cha maji chumvi, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni seli yenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa utando: upande mmoja majitaka huunguzwa, upande wa pili haidrojeni hutolewa, na waya hubeba elektroni kati yao. Hapa mgombano wa oksijeni umetatuliwa, lakini uliotatua ni ukuta. Huu ni ushahidi kwamba muungano hufaulu katika muundo wa mtambo.

7. Pingamizi

Itasemwa kwamba teknolojia hukua, na asilimia 0.76 ya leo si ya kesho. Ni kweli kwa kupasua maji masafi, na utafiti huo unastahili kuendelea. Si kweli kwa nishati ya uchafu hafifu, ambayo ukomo wake haumngojei mvumbuzi.

Itasemwa pia kwamba sayansi ya msingi haipaswi kufungwa na mahitaji ya kisima. Nakubali. Anayechunguza jinsi elektroni inavyovuka mpaka wa semikondakta mbili ana haki ya kutumia maji yaliyotoneshwa. Asichokuwa na haki nacho ni kufungua makala yake kwa picha ya mtoto mwenye kiu na kuifunga kwa methilini buluu iliyopauka. Rangi kupauka hata si kuungua: methilini buluu ikipokea elektroni hugeuka kuwa haina rangi huku molekuli ikiwa bado imo. Rangi hiyo tena hunyonya mwanga yenyewe, ikaifanya kompoziti ionekane hodari kuliko ilivyo.

Pingamizi la tatu ni la uchumi: kwamba malighafi za nano ni za kuagizwa. Kijiolojia, hilo halina msingi. Mchanga wa ilmenaiti na rutili, madini ya titani, ulichimbwa Kwale nchini Kenya kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 na kusafirishwa kupitia Likoni, ilhali P25, unga wa titani dayoksaidi ambao maabara za dunia hulinganishia kazi zao, ni bidhaa ya Ujerumani. Pugu ina kaolini, Usambara ina boksaiti, Mahenge ina grafiti, na machinjio yote yana mifupa. Pengo liko katikati, kati ya mgodi na maabara, ambako viwanda vya kusafisha na kusaga malighafi hizo kwa ubora thabiti ni haba.

8. Vigezo vinavyopendekezwa

Kutokana na hoja hizi, napendekeza kwamba majarida na wafadhili wa ukanda huu wadai mambo matano kabla ya kukubali dai la matumizi. Kwanza, kipimo kifanyike kwa maji ya kisima au mto unaotajwa, pamoja na uasidi, baikaboneti, fosfeti na silika zake. Pili, uwezo wa kunasa utolewe kwa kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kunywewa, na kwa safu inayopitisha maji hadi ichoke. Tatu, ionyeshwe kompoziti inahuishwa mara ngapi, kwa kemikali gani, na masalia yake yanatupwa wapi. Nne, maji yaliyosafishwa yapimwe kile kilichodondoka kutoka kwenye kompoziti yenyewe: aluminiamu, fedha, zinki au lanthanamu. Tano, dai la nishati litolewe bila mtoaji wa elektroni wa kununuliwa, na lilinganishwe na paneli ya sola au biogesi kwa eneo na gharama ileile.

9. Hitimisho

Nanokompoziti hazihitaji ahadi kubwa ili ziwe na manufaa. Kifyonzi kinachopunguza mzigo wa familia kutoka kilo 24 hadi chache, kikavumilia maji ya magadi, kikatengenezwa kwa boksaiti au mifupa ya hapahapa, kingekuwa mchango mkubwa kuliko gramu chache za haidrojeni zilizopatikana kwa methanoli. Umeme wa kijiji utatoka kwenye paneli zilizokwisha kushuka bei. Kazi ya nano ni kupunguza kiasi cha umeme ambacho maji salama yanahitaji. Mtafiti wa Arusha, Nairobi au Kampala anayeanza na sampuli ya kisima kabla ya kuchagua unga wake atachapisha namba ndogo kuliko za wenzake wa ng'ambo, lakini namba hizo mhandisi wa maji wa wilaya ataweza kuzitumia.